Toa, kimbia, piga kamsa au pigana: mstaarabu wa Mombasa achague lipi?

Saa moja na robo usiku, Mshomoroni, mwaka 2021. Nilikuwa nimeshateremsha nusu ya mlango wa chuma wa kibanda cha kutuma na kutoa pesa nilichokuwa nikifanyia kazi. Nimeinama natafuta kufuli, nikasikia ndala zikikimbia. Nilipoinua kichwa walikuwa watatu. Mkubwa wao sidhani kama alikuwa ametimiza miaka 17. Mdogo alivaa jezi iliyomfika magotini, na panga alilishika kwa mikono miwili kwa kuwa lilikuwa zito kwake. Nami, mwanamke mzima mwenye watoto wawili, nikawaambia: "Karibuni, lakini tumefunga."

Ulimi ulitoa adabu kwa sababu hapakuwa na neno jingine lililokuwa tayari mdomoni. Walichukua pesa za siku, simu mbili, na rungu ambalo mwenye kibanda aliliweka chini ya meza ati la kujikinga. Mimi rungu lile sikulikumbuka hata kidogo. Waliliona wao, na wakati wa kuondoka mmoja akanitandika nalo mgongoni.

Hapa pwani tukitaka kumsifu mtu tunasema ni mstaarabu. Hapazi sauti. Hasukumani. Hamkodolei mtu macho. Akikutana na mtu kwenye kichochoro cha Mji wa Kale hubana ukuta ili mwenzake apite. Ni sifa nzuri zote, nami nimewalea wanangu nazo. Lakini mbele ya mwenye panga kila mojawapo inakufunga: hupigi kelele kwa sababu ni aibu, huondoki mapema kwa sababu utaonekana unamshuku mtoto wa watu, humsukumi kwa sababu hujawahi kumsukuma mtu tangu utotoni. Mwili wangu haukuwa na kasoro usiku ule. Kilichonifunga ni kwamba sikuwa nimechagua chochote kabla.

Tangu siku hiyo nimehudhuria mafunzo ya kujikinga, nimeuliza polisi, wauguzi, mabodaboda na mabawabu, na nimesoma nilichoweza kukipata. Hapa naziweka njia za kujinusuru kando kwa kando ili uchague ukiwa umeketi na akili imetulia, kwa maana pale penyewe hakuna kuchagua. Moyo unadunda, mikono inatetemeka, macho yanaona kitu kimoja tu kilicho mbele, masikio yanaziba. Vidole havifungui hata simu. Kitakachotoka ni kile tu ulichokizoea.

Anataka ulicho nacho, au anakutaka wewe?

Swali hili ndilo linaloamua mengine yote.

Anayetaka simu ana haraka. Anataka muwe mmeachana ndani ya nusu dakika, na kila sekunde inayoongezeka ni hatari kwake pia. Anayekutaka wewe hana haraka hiyo; anataka kukuhamisha. Utasikia "twende huku", "ingia ndani ya gari", "nyamaza utembee". Neno la kukuhamisha ndilo mpaka. Kabla ya mpaka huo una ruhusa ya kuwa mpole kadiri utakavyo. Baada yake upole umekwisha, hata kama ana kisu, kwa kuwa huko anakokupeleka ameshapachagua yeye, na amepachagua kwa sababu hakuna atakayekuona.

Yuko na wa tatu, ambaye sisi wa Kisauni na Likoni tunamjua kuliko vitabu vinavyomjua: anayekata kwanza. Magenge kama Wakali Kwanza na Wajukuu wa Bibi yamewahi kupita mitaani mwetu yakimkata yeyote aliye njiani, aliyetoa na asiyetoa. Kwa huyo hakuna mazungumzo. Kuna miguu, na kuna mlango wa kujifungia.

Kutoa au kukataa

Kwa anayetaka simu, nasema toa. Wazee walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, nami nimeshakaa kwenye matanga ya shujaa mmoja wa mtaani kwetu aliyeng'ang'ania simu ya shilingi elfu kumi na nne. Mkewe alikuwa akirudia hesabu ile ile mbele ya kila aliyekuja kumpa pole: elfu kumi na nne, elfu kumi na nne.

Barazani kila mara hutokea mwanamume akaleta hadithi ya Mtume kwamba anayeuawa akitetea mali yake ni shahidi. Hadithi ni sahihi na mimi si mwanachuoni. Lakini ninavyoielewa, inampa daraja aliyekwisha kufa. Haimwamuru baba wa watoto wanne afie simu. Ukitaka hukumu kamili muulize shekhe wako, na umuulize mchana, kabla hujahitaji jibu.

Kutoa nako kuna namna yake. Fungua viganja vyote viwili vionekane. Sema unachofanya kabla ya kukifanya: "Simu iko mfuko wa kulia, naitoa." Mkono unaoingia mfukoni ghafla humtia hofu mwenye panga, naye akiogopa hukata. Ukishatoa rudi nyuma hatua mbili tatu, usibaki karibu yake ukisubiri kuambiwa uende. Usimkazie macho usoni. Ukitaka kumkumbuka angalia viatu, kwani shati hubadilishwa kwenye kona inayofuata lakini viatu ni nadra. Pesa zigawe: kidogo cha kutoa mfuko wa mbele, nauli pengine, kitambulisho nyumbani kama huendi kwenye shughuli ya kukihitaji. Namba ya siri usiiandike popote kwenye simu au mkoba, maana siku hizi simu yenyewe ni sehemu tu ya hasara. Na leo hii, kabla hujamaliza kusoma, bonyeza *#06# unakili namba ya utambulisho wa simu yenyewe (IMEI) kwenye karatasi ibaki nyumbani.

Kukataa kuna nafasi yake pia. Anayenyakua simu juu ya pikipiki akapita ameshapita. Hapo hakuna cha kukataa. Lakini mtoto mmoja asiye na silaha, mchana, Marikiti, watu wamejaa, anayekuambia "leta hiyo" kwa sauti ya chini, mara nyingi anakupima tu. Sauti moja kubwa inamtosha. Anapima kama u mstaarabu kiasi cha kunyamaza.

Kisheria, huna haja ya kuogopa kujitetea. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinatambua haki ya kutumia nguvu kulinda nafsi au mali, na kinairudisha kwenye misingi ya "common law" ya Uingereza, yaani sheria iliyojengwa na hukumu za mahakama: nguvu iwe ya lazima na ilingane na hatari uliyoiona. Maana yake kwa lugha ya mtaani ni kwamba unapiga ili uondoke. Akishageuka anakimbia, haki yako imekwisha pale pale. Ukimfukuza ukampiga kichwani, sasa mshtakiwa ni wewe.

Kukimbia au kusimama

Kukimbia kunadharauliwa bila sababu. Kati ya njia zote ndiyo pekee inayofaa kwa wale watu wa aina tatu niliowataja, na haihitaji mafunzo ya miaka. Lakini watu huikosea kwa namna mbili.

Kosa la kwanza ni kukimbia kutoka, badala ya kukimbilia. Mtu anamkimbia mwenye panga anajitosa kwenye uchochoro asioujua, anakutana na ukuta. Kijana wa miaka 16 atakushinda mbio ndefu. Wewe huhitaji mbio ndefu, unahitaji hatua 30 mpaka kwenye mwanga na watu. Kwa hiyo kila njia unayopita jioni ihesabu kwa vituo: duka la Msomali linalofunga saa nne, msikiti, kituo cha petroli, kijiwe cha bodaboda, geti lenye bawabu. Mimi kutoka stendi hadi nyumbani ninavyo vituo vitano, na kati ya cha tatu na cha nne kuna kipande kirefu cha giza penye kiwanja kitupu. Nilikuwa nikikipita miaka yote bila kukiona. Sasa nazunguka kwa barabara ya lami, natumia dakika sita zaidi.

Kosa la pili ni kuchelewa kwa adabu. Unawaona watatu wamesimama mbele, kofia zimevutwa machoni, mmoja mkono uko nyuma. Tumbo linakuambia rudi. Kichwa kinakuambia usiwavunjie watu heshima, pengine ni watoto wa jirani. Geuka. Kama ni watoto wa jirani, kesho utawaamkia vizuri na hakuna kitu kitakachokuwa kimeharibika. Na kama umevaa buibui, dada yangu, zoea kulikusanya kwa mkono mmoja upande kabla ya kuanza mbio; nimelijaribu uani kwangu, na tofauti ni ya kufika au kuanguka.

Kusimama kunafaa pale tu usipoweza kuondoka: una mtoto mgongoni, una mzee mkononi, uko ndani ya matatu au kwenye kivuko cha Likoni. Hapo weka kitu katikati yenu. Meza, mkokoteni, tuktuk iliyoegeshwa, hata kiti cha plastiki. Mwenye panga anahitaji nafasi ya kuinua mkono. Kitu kilicho katikati kinamnyima.

"Mwizi!" au "Nisaidieni!"

Hapa nitakaa zaidi, maana ndipo Mombasa inapotofautiana na miji mingi.

Mwaka 1968 watafiti wawili Marekani, John Darley na Bibb Latané, walichapisha jaribio ambalo mtu alisikika kwenye kipaza sauti akipatwa na kifafa. Waliodhani wako peke yao na mgonjwa, asilimia 85 walitoka kutafuta msaada kabla hajamaliza. Waliodhani kuna wengine wanne wanaosikia pia, ni asilimia 31 tu. Kila mmoja alimngoja mwenzake. Funzo lake ni kwamba umati ukikusikia, usiuombe umati. Chagua mtu: "Wewe kaka mwenye kanzu ya bluu, njoo! Wewe mama, piga 999!" Namba 112 na 911 nazo humfikisha mtu kwa polisi. Mtu aliyetajwa kwa nguo yake hawezi tena kumngoja mwenzake.

Kwetu, lakini, tatizo si mara zote kwamba watu hawaji. Piga "mwizi!" Kongowea saa kumi jioni uone. Watakuja kabla hujafunga mdomo, na watakuja na mawe. Neno lile ni kiberiti. Ukishaliwasha huwezi kulizima, wala huchagui litakayemuunguza.

Nililiona kwa macho yangu. Kijana alikuwa amelala pembeni mwa barabara karibu na soko, uso umevimba, shati limechanika lote, na watu wapata arubaini wamemzunguka. Mmoja alikuwa ameshaleta tairi. Hakuna aliyejua alichoiba. Niliuliza watu wanne nikapata majibu manne. Kisha muuza viazi karai, bibi wa makamo, akaacha karai lake motoni, akapenya, akavua leso yake ya juu, yaani kanga, akamfunika kijana kichwa na mabega, akaketi chini kando yake. Hakusema neno. Hakuna aliyethubutu kurusha jiwe linaloweza kumpata yeye. Walikaa hivyo mpaka gari la polisi lilipofika, na viazi vyake vyote vikaungua.

Mimi niliyeporwa, niliyetandikwa kwa rungu, nasema waziwazi: sitaki damu ya mtoto yule wa jezi ya magotini. Kumuua mshukiwa ni mauaji mbele ya sheria kama mauaji mengine. Raia anayeshuhudia uhalifu mkubwa anaruhusiwa kumkamata mhusika chini ya kifungu cha 34 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai, na anatakiwa kumkabidhi polisi bila kuchelewa. Kukamata, kukabidhi. Unyang'anyi wa kutumia nguvu, unaofanywa na mtu mwenye silaha au aliye na wenzake, una adhabu ya kifo katika kifungu cha 296(2) cha Kanuni ya Adhabu. Sheria yetu si laini kwa kosa hili. Haihitaji kusaidiwa na tairi.

Kwa hiyo kati ya hayo mawili nachagua "Nisaidieni!" na naongeza habari: "Nisaidieni, ana panga, yuko huku!" Neno hili linaleta watu upande wako badala ya kuwatuma upande wake, na linawaambia wajihadhari. Wako wanaoshauri upige "moto!" ili kila mtu atoke. Sikubaliani. Watu watatafuta moshi, na siku nyumba itakapoungua kweli watakumbuka ulivyowadanganya.

Na kelele yenyewe itoke tumboni. Mstaarabu akijaribu mara ya kwanza hutoa sauti nyembamba ya kooni, kama anayemwita konda asimsahau kituo. Hiyo haifiki popote.

Karate ya miaka au mafunzo ya wiki chache

Mwanangu wa kiume yuko karate mwaka wa tatu. Namlipia kwa furaha: anasimama wima, analala mapema, na akipigwa haduwai tena. Hilo la kutoduwaa ni kubwa kuliko mateke yote. Ndondi na judo nazo hutoa hilo, pengine kwa kasi zaidi, kwa sababu kule unapigwa na kuangushwa kweli kila jioni. Ila tusijidanganye. Ukumbini mpinzani ni mmoja, sakafu ni laini, taa zinawaka, na kuna mwamuzi. Mtaani wako watatu, kuna mchanga na mitaro, na mmoja ana chuma cha nusu mita. Mwalimu wake mwenyewe, mtu wa mkanda mweusi, nilipomuuliza afanyeje mbele ya panga, alinijibu neno moja: "Akimbie." Nikamheshimu zaidi.

Mafunzo mafupi ya kujikinga yana kazi nyingine, na hapa kuna ushahidi wa kututia moyo, hasa kwa wasichana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliwafuata wasichana wa sekondari katika mitaa ya mabanda ya Nairobi. Walifundishwa kwa wiki chache kutambua hatari, kukataa kwa sauti, na mwisho kabisa kupiga na kujinasua. Kabla ya mafunzo, asilimia 24.6 walikuwa wameshambuliwa kingono katika mwaka uliopita. Baadaye kiwango kikashuka hadi asilimia 9.2, na zaidi ya nusu yao walisema walitumia walichofundishwa kuzuia shambulio. Kanada nako, utafiti wa mwaka 2015 kwa wanafunzi wa vyuo vikuu ulionyesha waliobakwa katika mwaka uliofuata ni asilimia 5.2 kwa waliopata mafunzo, na 9.8 kwa waliopewa vijitabu tu.

Hizo ni hesabu za ukatili wa kingono, si za unyang'anyi wa mapanga, na mshambuliaji katika visa hivyo mara nyingi ni mtu anayefahamika: mpenzi, jirani, jamaa. Lakini ndipo hoja yangu ilipo. Dhidi ya mtu anayetegemea ukimya wako, sauti iliyozoezwa ni silaha ya kweli. Ukiwa na binti na pesa za kulipia kitu kimoja, mpeleke mafunzo mafupi kwanza, karate baadaye.

Kabla ya kulipa popote, nenda utazame kipindi kimoja. Kama mwalimu anafundisha kunyang'anya kisu kwa mkono mtupu tangu siku ya kwanza, ondoka. Kama hakuna anayepiga kelele ukumbini, ondoka.

Rungu, pilipili, bastola, filimbi

Rungu langu mmeshajua lilipoishia. Kitu ulichokificha chini ya meza na hujawahi kukishika kwa mazoezi ni mali ya atakayekiona kwanza.

Pilipili ya kupuliza inauzwa kwa siri na mitandaoni, na watu hudhani ni kama marashi. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inajumlisha katika maana ya silaha chombo kilichoundwa kurusha kimiminiko au gesi yenye madhara. Kwa hiyo kabla hujaitia kwenye mkoba, muulize wakili. Mbali na sheria, kuna upepo wetu. Ipulize ukiwa umeuelekea upepo wa kusi pale Feri uone itarudi kwa nani.

Bastola ya leseni ni ya wachache, lakini kila mwenye duka kubwa niliyezungumza naye ameiwaza. Mwaka 1983 sajini mmoja wa polisi wa Salt Lake City, Dennis Tueller, alipima akaona mtu mwenye kisu hukata umbali wa futi 21, yaani kama mita 6 na nusu, kwa sekunde moja na nusu hivi, muda ule ule anaouhitaji askari aliyezoea kuchomoa na kufyatua. Askari aliyezoea. Sasa simama Mji wa Kale kwenye kichochoro ambacho ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili, ujiulize hizo mita 6 utazipata wapi. Na ikijulikana mtaani kuwa unayo, watakuja kuifuata yenyewe.

Filimbi sikuidhania kitu mpaka nilipoijaribu. Ya chuma, ya refa, inasikika kuliko sauti yangu, na mikono ikitetemeka bado meno yanaibana. Haina leseni, haigeuziwi mwenyewe. Upungufu wake ni kwamba peke yake haisemi chochote. Mtaa usipokubaliana maana yake, watadhani ni mpira. Kwetu tumekubaliana: milio mitatu mirefu, kila nyumba inawasha taa ya nje na wanaoweza wanatoka wawili wawili. Tulilipanga hilo kwenye kikao cha Nyumba Kumi, mpango ulioanzishwa na serikali mwaka 2013, ambao sehemu nyingi umelala. Hata kama umelala, una orodha ya majirani na mwenyekiti. Anzieni hapo.

Leso

Jambo moja halilinganishwi na lolote, kila mtu analihitaji. Mwili wa mtu mzima una kama lita tano za damu, na mshipa mkubwa ukikatwa mtu anaweza kufa ndani ya dakika chache, kabla tuktuk haijafika hospitalini Makadara. Jirani yetu aliyekatwa mkono juu kidogo ya kiwiko alipona kwa sababu mkewe hakukimbilia kuosha jeraha. Alikunja leso mara nne, akaiweka juu ya jeraha, akalala juu yake kwa uzito wake wote. Damu ilipozidi kupita hakuivua. Aliweka leso ya pili juu ya ya kwanza akaendelea kukandamiza, njia nzima hadi hospitali. Muuguzi alisema hilo ndilo lililomwokoa. Usiivue kuchungulia.

Wewe uko wapi?

Ukiwa muuza kibanda au wakala wa pesa: chagua kutoa, na ubadili saa. Funga kabla ya magharibi kama biashara inaruhusu, pesa za siku zisikae pamoja, na mfunge mkiwa wawili. Mimi nilifunga peke yangu miaka sita.

Mwendesha bodaboda au tuktuk: hatari yako ni abiria anayekuhamisha. "Ingia hapa kidogo, pita kule nyuma." Ule mpaka niliouzungumzia ni wako pia. Simama penye mwanga useme unaishia hapo. Ukipoteza nauli ya shilingi mia mbili, heri nusu ya shari kuliko shari kamili. Akishika panga, kiache chombo ukimbie.

Mwanafunzi wa kike anayerudi jioni: sauti na njia yenye vituo kabla ya kitu kingine chochote. Simu isiwe masikioni.

Mzee, au aliye na mtoto mgongoni: huna mbio, kwa hiyo una wenzako. Nendeni msikitini na mrudi kwa kundi, na filimbi shingoni chini ya kanzu au buibui.

Kijana mwenye nguvu zake anayenisoma akidhani haya ni ya akina mama: wewe ndiye ninayekuhofia zaidi, kwa kuwa una kiburi cha kung'ang'ania. Amua leo ni vitu gani utapigania. Mimi ninavyo viwili, na vyote vina majina na vinalala nyumbani kwangu.

Binti yangu ana miaka 13. Jumapili moja alfajiri nilimpeleka ufuo wa umma Bamburi kabla ya wauza madafu kufika, nikamsimamisha aelekee bahari, nikamwambia apige "nisaidieni". Mara ya kwanza aliinama akacheka, ikatoka kama anayeomba chumvi kwa jirani. Nikapiga mimi. Akanikazia macho, miaka yote hajawahi kunisikia. Tukapiga pamoja, tena, tena, miguu imepanuliwa mchangani, mkono tumboni. Mara ya sita au ya saba ilitoka peke yake, nzito, ikapita juu ya mawimbi, na upande wa pili wa ufuo mvuvi aliyekuwa akitoa nyavu mtumbwini akaziachia zote, akaja mbio huku akiuliza: "Kuna nini, mwanangu? Nani?"